Mchezo wa Zamani Ndani ya Mashine Mpya: Ni Urithi ama ni Uongo?



Katika vitabu vya chama chetu vilivyotangulia mmesoma juu ya mahari, juu ya majina ya watoto, juu ya matanga. Safari hii tunawaletea jambo litakaloshangaza wengine: michezo ya kompyuta, ama ya ordinatere, kama tunavyosema hapa Likasi. Tulipotaja habari hiyo katika mkutano, mzee mmoja alitukatiza: "Mila gani iko mule? Ile ni bintu ya batoto." Tulimwomba atusikilize mpaka mwisho. Nanyi tunawaomba vile vile, sababu swali lenyewe si la mashine. Swali ni hili: kitu cha zamani kikitolewa katika chombo chake cha kwanza na kutiwa katika chombo kipya, je, bado ni kile kile? Na sisi tunaokihamisha, tunafanya kazi ya warithi ama tunadanganya watu?

1. Kopo la disketi

Katika miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa chama, ambaye leo ni marehemu, alikuwa na kompyuta iliyofika kwetu baada ya kutumika sana kwa wengine. Mchana alikuwa akiandika humo hadithi na mithali alizozipokea kwa wazee, vijijini upande wa mto Lufira. Jioni alitufungulia mlango sisi vijana wa mtaa, tukacheza. Mchezo tulioupenda kupita yote ni Prince of Persia, uliotungwa na Mmarekani Jordan Mechner na kutolewa mwaka 1989. Kijana amefungwa chini ya jumba la mfalme. Ana dakika 60 tu za kupita ngazi 12, kuruka mashimo na kupigana kwa upanga, ili amwokoe binti mfalme. Umeme ukikatika katikati ya safari, tulikaa gizani tukibishana nani alikuwa zamu yake.

Mashine ile ilikufa, na baadaye mwalimu naye akatuacha. Zikabaki disketi zake 11 ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila disketi inabeba kidogo sana, megabaiti 1.44, lakini kwa maandishi matupu hiyo ni kurasa mamia.

Juzi juzi mmoja wetu alipata kompyuta mpya ya kubeba, akanunua na kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwa waya. Tuliweka disketi ya mchezo. Mashine ilikataa. Ilituambia kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa hapa. Tulikasirika kidogo: mashine yenye nguvu mara elfu kupita ile ya mwalimu inashindwa kazi ya mtoto! Mwanafunzi mmoja wa mambo ya kompyuta akatueleza. Michezo ile iliandikwa kwa mashine za biti 16, zilizoendeshwa na mfumo wa DOS. Windows ya biti 64, ambayo iko leo katika kompyuta nyingi mpya, haipokei tena lugha ile. Hata pale mchezo unapokubali, kuna michezo iliyopima saa yake kwa mwendo wa mashine. Ukiuweka katika mashine ya leo, gari linafika mwisho wa barabara kabla hujagusa klavye.

Dawa yake ni programu inayoitwa DOSBox, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Inajifanya kuwa kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Mchezo unauliza: "Uko na DOS?" DOSBox inajibu: "Niko nayo." Unauliza juu ya kadi ya sauti ya miaka ile, ambayo mashine mpya haina, DOSBox inajibu tena: "Iko." Hata mwendo unaweza kuupunguza ama kuuongeza kwa kubonyeza vifungo viwili tu. Mwanafunzi alipomaliza kuitengeneza, yule kijana wa upanga akaanguka mbele yetu na kusimama, kama zamani. Mmoja wetu, baba wa watoto watano, akapiga kelele: "Njo yeye! Njo paka yeye!"

2. Mrithi anayeitika jina

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mwenzetu mmoja alisema: "Hii ni uongo. Mashine inasema iko ile ya zamani, na haiko ile. Mchezo unadanganywa, na sisi tunadanganyika pamoja nao."

Hoja hii ina nguvu. Lakini tuangalie mila zetu wenyewe. Kwa Walunda, anayekalia kiti cha Mwant Yav hapokei tu kazi ya mfalme aliyetangulia. Anapokea jina, na pamoja na jina undugu wote: aliyekuwa ndugu mdogo wa kiti kile anabaki ndugu mdogo, ingawa mwenye kiti ni kijana na yeye ni mzee wa mvi. Watu wa elimu ya mila wanauita urithi wa kudumu. Na kwa makabila mengi ya huku kwetu, hata katika jamaa za kawaida, mtu anaporithi jina la marehemu, wajukuu wanamwita babu, hata kama walizaliwa pamoja naye mwaka mmoja.

Je, kijana anayeitika "babu" anasema uongo? Hakuna hata mmoja wetu atakayesema hivyo. Anayeuliza anajua, na anayejibu anajua, kwamba mwili si ule. Kinachoendelea ni nafasi: mahali ambapo swali linaulizwa na jibu linapatikana. Kukiwa kimya mahali pale, jamaa inakatika. Uongo ungekuwapo kama mtu angejificha, akataka tuamini kwamba marehemu hakufa. DOSBox haijifichi. Inaandika jina lake juu ya dirisha lake, halafu inaitika jina la mzee. Kwa hiyo tunasema: ni urithi, si uongo.

Lakini kuna sharti. Mwant Yav mpya havai tu lukano, ile bangili ya ufalme, halafu akalala. Anabeba kazi. Mrithi asiyejibu maswali ya jamaa amevaa nguo tu. Vile vile, mtu anayeweka picha ya mchezo wa zamani ukutani hajaurithi. Ni lazima uchezeke.

3. Kile kisichohama

Turudi kwa yule baba wa watoto watano. Alicheza dakika kama kumi, kisha akaacha, akakaa kimya. Tulimuuliza kuna nini. Akajibu: "Iko yeye, lakini bantu beko wapi? Shiye tulikuwaka kumi mu chumba."

Maneno hayo yalitugusa. Programu ilirudisha mwendo, rangi, sauti, hata ule mlio wa mitego ya visu. Haikurudisha foleni, kelele za wanaokufundisha bila kuombwa, wala mwalimu akisema: "Sasa mwende kulala." Yote hayo hayakuwa ndani ya disketi.

Fikirini kisolo, mchezo wa mbegu na mashimo unaojulikana sana kwa Waluba, ndugu wa bao la pwani lenye mashimo 32 na kete 64. Kisolo kinachezwa katika ubao uliochongwa vizuri. Kinachezwa pia katika mashimo yaliyochimbwa chini. Ukikosa mbegu, unaokota vijiwe. Hakuna anayesema kwamba kisolo cha vijiwe si kisolo. Chombo kinabadilika, sheria zinabaki, mchezo unaishi. Lakini mcheze kisolo peke yenu katika chumba kilichofungwa, bila watazamaji na bila matani, mtaona kwamba sheria zote ziko na bado kitu kinapunguka. Kwa hiyo mchezo una vitu vitatu: chombo, sheria na watu. Chombo kinaweza kubadilishwa. Sheria zinaweza kuandikwa. Watu ni lazima waitwe.

Hapa Katanga tuna mfano mkubwa zaidi. Babu zetu waliyeyusha shaba kwa tanuru za udongo na mifuo, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama feza mbali na hapa. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru yake ya Lubumbashi ilianza kutoa shaba. Kazi ya babu zetu ikakosa nafasi. Katika miaka ya 1920 Monsenyere de Hemptinne aliwaomba wazee waliojua kazi ile waifanye tena, akaandika aliyoyaona. Mwaka 1926 akatoa maandishi juu ya wale aliowaita "wala-shaba". Ile haikuwa tena biashara. Ilikuwa kuendesha kazi ya zamani katika dunia isiyoihitaji. Tunaweza kulalamika kwamba mwenye kalamu alikuwa mgeni. Lakini tanuru tupu isingeeleza lolote kama wazee wale wasingekuwa bado hai.

4. Nani alitoa ruhusa?

Kuna swali lingine, na hapa tunajihukumu wenyewe. Disketi ile ya mchezo haikununuliwa. Ilikuwa nakala ya nakala. Mchezo wenyewe ulijaribu kujilinda: baada ya ngazi ya kwanza ulikuuliza herufi ya neno fulani katika kitabu chake cha maelezo, na asiye na kitabu alikunywa dawa ya sumu. Kitabu hicho hatukukiona kamwe. Tulibahatisha mpaka tukapita. Je, tulikuwa wezi?

Anayeuza kitu sokoni leo, ukimnyang'anya jasho lake, huo ni wizi, hata kama kitu hakishikiki mkononi. Lakini michezo mingi ya zamani haiuzwi popote. Mwaka 2023 chama kimoja cha Marekani, Video Game History Foundation, kilionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka kule kabla ya 2010 haipatikani tena madukani. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti michezo hiyo kwa mbali. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi ile ilikataa. Mali ina mwenyewe, lakini mwenyewe haiuzi, haitunzi, na hataki mwingine aitunze. Kwetu, mjomba anayeshika shamba la yatima bila kulilima na bila kuruhusu mtu alilime, wazee wangemwita chini ya mti.

Wengine walifanya vizuri. Jordan Mechner mwenyewe alikuwa amepoteza maandishi ya asili ya mchezo wake. Mwaka 2012 baba yake alikuta disketi za zamani ndani ya kabati. Mafundi wakazisoma, na Mechner akayatoa wazi kwa watu wote. Tazameni: hata kule kwenye utajiri, mchezo uliokolewa na mzee aliyekataa kutupa sanduku.

Sisi tumekubaliana hivi: anayetunza si mwenye mali. Tunaweza kulinda nakala ili isife; hatuwezi kuiuza wala kujiita watungaji. Na sheria hii inatushika hata kwa hadithi za mwalimu. Nazo hazikuwa zake wala zetu. Ni za wale wazee wa Lufira.

5. Disketi zilizokufa

Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike. Mwalimu aliandika hadithi zake kwa programu ya DOS ambayo mashine mpya haiijui. Kwa njia ile ile iliyofufua mchezo, tulifungua maandishi yake. Tulisoma mithali kwa sauti, na mjane wake alikuwa amekaa nasi. Katika disketi 10 za maandishi, 4 zilisomeka. Sita zilikuwa zimeota ukungu. Juu ya moja kati ya hizo 6, kwa mkono wake mwenyewe, mwalimu alikuwa ameandika: "Kisolo: sheria na maneno ya kuchezea." Mwanafunzi aliisafisha na kujaribu mara nyingi. Hakuna kitu. Na wazee waliomweleza hayo wamekwisha kufa.

Kopo lile lilikaa kwetu miaka mingi. Tuliokumbuka kulifungua, tulilifungua kwa ajili ya mchezo. Hatutaki kumlaumu mtu mwingine. Tulifikiri kwamba kitu kilichoandikwa katika mashine kimekwisha kuokoka. Tumejifunza kwa uchungu kwamba mashine inazeeka haraka kuliko mtu. Ardhi yetu hii inatoa kobalti inayoingia katika betri za kompyuta na simu mpya za dunia; zikichakaa, nyingine zinarudi Afrika kama mitumba, zinafia hapa. Anayetia mila yake ndani ya chombo kama hicho ni lazima aihamishe kila mara, kama mtu anayebeba moto kutoka kuni hadi kuni.

Kwa hiyo tunawaomba: mwenye disketi, kaseti ama daftari la mzee wake, asingoje. Alete, tunakili pamoja. Na nakala ya karatasi irudi kwa jamaa iliyosimulia. Nasi tumeanza kuzirudisha zile za disketi 4.

Yule mzee aliyetukatiza mkutanoni alisikiliza yote haya bila neno. Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko wa mbegu. Alichimba mashimo uani, akatufundisha kisolo anavyokijua yeye. Mwenzake alipinga sheria moja: "Hapana, kwetu habafanyake vile." Walibishana mpaka jioni, watoto wamewazunguka. Tumeziandika sheria zote mbili.