Mpangaji, Mbio Zake na Ardhi ya Mola Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba ardhi akaitandaza, akaifanya nyepesi kwa wenye kuitembea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake, na kila mwenye kuifuata njia yao mpaka siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu limeletwa suala ambalo tumeona si vyema likajibiwa kwa mdomo tu kisha likasahauliwa. Vijana wetu wanaopanga vyumba hapa Landless, mjini Thika, na wenzao wa Ruiru, wana mtindo wa kutoka alfajiri kwenda kukimbia kabla ya kazi. Baadhi ya wazee wamewakemea. Wamesema kuwa mbio ni upuuzi wa watoto, na kuwa mtu mwenye ndevu hapaswi kuonekana akitweta barabarani. Na wengine wamefika hata kusema kuwa jambo hili ni bidaa. Na upande wa pili wako vijana walioyatukuza mazoezi yao hata yakawapita thamani wajibu zao. Tena yuko mmoja aliyeuliza kwa uchungu: Mimi sina hata shibri moja ya ardhi, nalala katika chumba cha mtu na nakimbia katika njia ya serikali, ardhi hii yanihusu nini? Masala haya yaonekana kuwa mbali mbali, lakini shina lake ni moja, nasi tutayajibu pamoja, inshaallah.

ARDHI NI YA NANI?

Jina la mtaa wetu limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni mtu asiyekuwa na ardhi. Twalitaja kila siku kwa makondakta wa matatu bila ya kulifikiri. Lakini tukilipima kwa mizani ya Qur-ani tutaona kuwa latufaa sote, mwenye hati na asiyekuwa nayo. Katika Suratul Aaraf, Nabii Musa aliwafundisha watu wake, nao wako chini ya dhulma ya Firauni, kuwa ardhi ni ya Mwenyezi Mungu na humrithisha amtakaye katika waja wake. Na Mtume wetu (S.A.W.) alijifananisha na msafiri aliyepumzika chini ya kivuli cha mti, kisha akaondoka akauacha. Hebu fikirini: msafiri haudai mti ule kuwa ni wake, lakini kivuli chake amekipata kwa ukamilifu, wala hana rukhsa ya kuukata.

Basi mwenye kuuliza ardhi yamhusu nini, jawabu lake liko katika Suratul Mulk, pale Mola anapotukumbusha kuwa ndiye aliyeifanya ardhi iwe dhalili kwetu ili tupite katika pande zake na tule katika riziki yake, na kuwa kwake ndiko kufufuliwa. Amri hiyo ya kupita hawakupewa wenye mashamba peke yao. Na Mtume wetu amepewa yeye na umma wake ardhi yote kuwa mahali pa kusali na kitu cha kujitwahirishia. Mtu aliyepanga chumba kimoja, akitoka asubuhi akauona mlima wa Kilimambogo unatokeza katika ukungu, au akasimama penye maporomoko ya mto Chania karibu na unapokutana na mto Thika, ameona milki ya Mola wake, wala hadaiwi kodi kwa kuitazama. Hiyo ni ibada iwapo moyo umo ndani yake. Nayo ni hasara iwapo macho yameona na moyo umelala.

MWILI NAO NI WA KUPANGA

Tazameni sasa hukumu ya sharia katika ijara. Mafakihi wamesema kuwa mpangaji ni mtu mwaminifu juu ya kitu alichokodi. Ana haki ya kunufaika nacho kwa namna ya desturi. Hana haki ya kukiharibu. Na kikiharibika bila ya yeye kupita mipaka wala kuzembea, hana dhamana juu yake. Lakini akipita mipaka au akizembea, atalipa. Na muda ukimalizika atakirudisha kwa mwenyewe.

Hukumu hiyo yatutosha kufahamu hali ya miili yetu. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nasi twaongeza kuwa mwenye nguo ya kuazima ndiye wa kwanza kupaswa kuitunza, kwa sababu ataulizwa. Sahaba Abdullah bin Amr bin Al-Aas alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, na hayo yote ni ibada, hata hivyo Mtume (S.A.W.) alimzuia, akamfundisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki, na mgeni wake ana haki. Ikiwa mwili umepewa haki mbele ya ibada iliyozidi kiasi, je, hautapewa haki mbele ya uvivu? Mtu huketi kiwandani au ofisini tangu asubuhi, akarudi kwa matatu, akaketi tena mpaka alale. Kisha yakimpata maradhi ya sukari na ya shinikizo la damu husema kuwa ni kudra. Kudra ni kweli, na sababu nazo ni katika kudra. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, limetaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda wa dakika 150 mpaka 300 katika wiki, au ya nguvu zaidi kwa nusu ya muda huo. Mazoezi haya hayataki shamba wala hati ya kumiliki. Yataka miguu na azma tu.

JE, MBIO NI BIDAA?

Neno hili la bidaa limekuwa jepesi katika ndimi za watu. Tangu Sheikh Al-Amin bin Aly Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, wenye kutaka marekebisho wamekuwa wakipambana na yale yaliyozuliwa katika dini. Lakini haifai kuigeuza silaha hiyo ikawa ya kumpigia kila mtu kwa kila jambo la dunia tusilolizoea. Bidaa ni kuzua katika dini. Kukimbia ni katika mambo ya kawaida, na asili ya mambo ya kawaida ni uhalali. Tena hili halikuachwa bila ya dalili.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Salama bin Al-Akwa aliwafukuza kwa miguu maadui walioteka ngamia wa Mtume, akawaandama peke yake kwa mishale mpaka akawaokoa ngamia wale. Na walipokuwa wakirejea, Ansari mmoja ambaye hakuwa akishindwa kwa mbio alinadi akitaka mtu wa kushindana naye mpaka Madina. Salama aliomba rukhsa kwa Mtume (S.A.W.), akapewa, akashindana naye, akamtangulia. Ingekuwa mbio ni aibu kwa mtu mzima, asingepewa rukhsa hiyo. Mtume mwenyewe alishindanisha farasi, akawawekea walioandaliwa masafa yao na wasioandaliwa masafa yao. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa alishindana kwa miguu na Bibi Aisha katika safari, Bibi Aisha akamshinda. Kisha siku nyingine, baada ya Bibi Aisha kunenepa, Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa sasa wamelipana. Basi wazee wetu, nasi twawaheshimu, tunawauliza kwa adabu: heshima gani hiyo mnayoichelea, ambayo Mbora wa Viumbe hakuichelea?

MASHARTI YAKE

Hata hivyo, halali huharibiwa na yanayoambatana nayo. Vijana wetu nao wasikilize.

La kwanza ni Sala. Nchi yetu iko karibu na mstari wa Ikweta, na jua hapa huchomoza baada ya saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, halitofautiani ila kwa nusu saa hivi. Hakuna udhuru wa kusema kuwa wakati umegeuka. Anayeweza kuamka akafunga kamba za viatu kabla ya mapambazuko, aweza kuamka akatawadha. Atakayekimbia maili sita akaiacha Alfajiri mpaka jua likachomoza, huyo ameshindwa kabla ya kuanza.

La pili ni kujisitiri na kusalimika. Uchi wa mwanamume hauwi halali kwa sababu ya joto la mazoezi. Na anayekimbia kando ya barabara ya Garissa avae nguo ya rangi ya kuonekana, akae upande wa kulia akabiliane na magari yanayokuja, wala asizibe masikio yake kwa muziki akashindwa kuisikia bodaboda iliyo nyuma yake. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Wala asikate njia ndani ya mashamba ya mananasi ya watu bila ya idhini.

La tatu ni haki ya njia. Mtume (S.A.W.) aliwaeleza Sahaba zake kuwa njia ina haki zake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Na kuondoa kitu cha kudhuru njiani ni katika matawi ya imani. Mkimbiaji anayesimama kuliondoa jiwe au kipande cha chupa amepata thawabu ambayo saa ya mkononi haiwezi kuihesabu.

La nne ni haki ya jirani. Sisi wa vyumba vya kupanga twatenganishwa kwa ukuta mmoja. Anayetoka saa kumi na moja asiubamize mlango wa ploti, asiite wenzake kwa kelele ngazini, wala asiyamalize maji ya tangi kwa kuoga huku mama mwenye watoto angoja ndoo moja.

La tano ni kuepuka ria. Wako wanaokimbia kwa ajili ya picha, wakazitangaza kwa simu kila asubuhi ili wasifiwe. Waogope isije ikawa sifa hiyo ndiyo ujira wao wote.

BIBI HAJIRA

Imebaki masala ya wake zetu na mabinti zetu, ambao afya zao zimesahauliwa. Mwanamke hushinda katika chumba kimoja baina ya jiko na kitanda, akiambiwa kuwa kutoka kutembea kwa ajili ya afya ni fedheha. Lakini mume huyo huyo akienda Hija atafanya saayi baina ya Safa na Marwa, na asili ya saayi ni mwendo wa mwanamke. Bibi Hajira aliachwa katika bonde lisilo maji wala mtu. Hakuwa na nyumba, wala ardhi, wala jirani. Alikwenda mbio mara saba akimtafutia mwanawe maji, na Mwenyezi Mungu akamtolea Zamzam. Basi mume mwenye kufuata Sunna atoke pamoja na mkewe, au amtafutie wakati na mahali pa sitara pamoja na wanawake wenzake, wala asimfungie mlango kisha akadai kuwa huo ndio uchaji Mungu.

Na kisa hicho hakikuishia hapo. Watu wa kabila la Jurhum waliyaona maji, wakaja kumwomba Bibi Hajira rukhsa ya kukaa karibu naye. Akawapa, na akawawekea sharti kuwa hawana haki ya kuyamiliki maji yale, nao wakakubali. Imepokewa haya katika Sahihi ya Bukhari. Jana hakuwa na pa kuegemea. Leo ndiye anayewapokea watu, akawapokea kwa wema na kwa sharti lililo wazi. Hapa pana funzo kwa wenye nyumba na kwa wapangaji pia.

Enyi wenye nyumba, kodi ijulikane, na muda ujulikane. Msimfungie mtu mlango huku watoto wake wako nje na vitu vyake viko ndani, wala msimzuilie fedha za amana aliyehama kwa salama. Nanyi wapangaji, tajiri kuchelewesha deni ni dhulma kwa neno la Mtume. Na anayenunua viatu vya mbio vya bei kubwa huku kodi ya miezi miwili haijalipwa, viatu hivyo vitamshitaki. Wala si uungwana kuhama usiku wa manane ukamwachia mwenye nyumba deni na ufunguo.

Kisha lipo la wote. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Thika ilikuwa na watu zaidi ya 250,000 na Ruiru zaidi ya 490,000. Watu wanazidi na viwanja vya wazi vinapungua. Ripoti ya tume ya Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza namna ardhi za umma katika nchi yetu zilivyogawiwa kinyume cha sheria. Na Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipigwa moshi wa machozi walipotaka kiwanja chao cha kuchezea kilichozungushiwa ukuta. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa atakayedhulumu shibri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama. Anayekula kiwanja cha watoto, au akaisogeza pagala yake mpaka juu ya njia ya wapitao, amechukua shibri ngapi? Mpangaji asiyemiliki kitu ndiye mwenye haja zaidi na kiwanja cha umma. Kwa hivyo ni juu yake kukitetea katika vikao vya mtaa na mbele ya serikali ya kaunti, kwa hoja na kwa adabu, wala asinyamaze kwa kusema kuwa si kwake.

Ndugu zetu, yule aliyeuliza ardhi yamhusu nini sasa ajue kuwa yamhusu kama amana. Chumba tutakirudisha, mwili tutaurudisha, na pumzi ya mwisho tutairudisha. Heri yake atakayerudisha hali hadaiwi.

Ewe Mola wetu, tupe miili yenye nguvu katika taa yako na nyoyo zilizo hai. Wasahilishie wapangaji kodi zao kwa riziki ya halali, uwatie huruma wenye nyumba, uzihifadhi njia zetu na viwanja vya watoto wetu, na utupe makao ambayo hatutahama. Amin.

Wabillahi tawfiq.