Kukagua Si Kutukana

Katika vyama vyetu vya akiba na vya ushirika kuna neno moja linaloogopwa sana: ukaguzi. Mtunza feza akiombwa daftari, hukunja uso na kusema: «Je, mnaniita mwizi?» Wanachama huona haya, hunyamaza. Basi tuulize: kumkagua mtu anayeaminiwa ni kumtukana?

Tutazame habari za banki moja ya London, jina lake Barings, iliyoanzishwa mwaka 1762. Mwaka 1992 ilimtuma kijana mmoja, Nick Leeson, aende kazini Singapore, katika Asia. Huko alishika kazi mbili: kufanya biashara kwa feza za banki, na kuwasimamia makarani walioandika hesabu za biashara ile ile. Yaani mvuvi ndiye aliyehesabu samaki.

Alipopata hasara, aliificha katika hesabu ya siri yenye namba 88888. Wakubwa wa London waliletewa faida ya karatasi tu, wakafurahi, wakamsifu. Mwaka 1994 wakaguzi wa banki yenyewe waliandika kwamba si vema mtu mmoja kushika kazi zote mbili. Lakini nani atamsumbua mtu aletaye faida? Maonyo yakawekwa kando. Januari 1995 nchi ilitetemeka huko Kobe, Japani. Bei za hisa zikashuka, na hasara ikazidi kama mto wa masika. Mwezi uliofuata siri ikafunuka: pauni milioni 827, kupita mtaji wote wa banki. Nyumba iliyosimama miaka 233 ikauzwa kwa pauni 1. Leeson akafungwa.

Kosa ni la nani? Leeson alidanganya, hakuna ubishi. Lakini mwisho wa mwaka 1992 hasara iliyofichwa ilikuwa kama pauni milioni 2 tu. Kama daftari lingalikuwa mkononi mwa mwingine, ingalionekana mapema. Kijana angalikaripiwa au kufukuzwa kazi, na banki ingalipona. Wakubwa walidhani wanamheshimu kwa kutomwuliza. Kumbe walimwacha peke yake pamoja na kishawishi.

Jibu ndilo hili: ukaguzi ni msaada kwa mtu anayekaguliwa. Mwenye udhaifu humzuia angali karibu na njia. Mwaminifu humpa shahidi: siku feza zikipungua na watu wakianza kunong'ona, daftari litamtetea.

Kwa hiyo, ashikaye feza asiwe yeye aandikaye daftari. Sanduku liwe na kufuli mbili, na funguo zake zikae kwa watu wawili. Hesabu zisomwe kila mwezi mbele ya wanachama wote. Na mwenyekiti awe wa kwanza kuulizwa. Maana kuwakagua wadogo na kuwaacha wakubwa, hayo ndiyo matusi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuongeze: na mara nyingi mtunzaji wake hupotea pamoja nayo.