Grisi ya Kiwandani

Je, kitu kipya kinahitaji kusafishwa kabla ya kutumiwa? Swali hili nililijibu vibaya nikiwa kijana wa miaka 21, na jibu lile limenisumbua kuliko makosa mengi niliyoyafanya baadaye nikiwa mwalimu mkuu.

Ilikuwa mwaka 1973, katika kambi moja ya Jeshi la Kujenga Taifa, enzi zile tuliomaliza kidato cha sita tulikwenda huko kwa mujibu wa sheria. Siku moja yalifunguliwa masanduku ya mbao yenye bunduki mpya aina ya SKS, zimepakwa grisi nzito tangu kitako hadi mdomo wa mtutu. Kila kuruta alipewa moja aisafishe, kwani kesho yake tungelenga shabaha. Yangu niliipangusa nje mpaka chuma kikang'aa. Ndani sikugusa. Nilijiambia kwamba imetoka kiwandani, imekaguliwa na mafundi. Mimi ni nani hata nimsahihishe aliyeiunda?

Ndugu msomaji, usiicheke hoja hiyo upesi. Maisha hayaendi bila kuwaamini watu tusiowaona. Tunapanda basi bila kukagua breki, tunameza kidonge bila kumjua aliyekichanganya. Mwenye kukagua kila kitu hafiki safari yake, na mara nyingi ukaguzi wake ni majivuno tu.

Afande hakunigombeza. Alifungua komeo, akapitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu kwa ufito, kikatoka kimeloa grisi. Kisha akanionyesha kile kipini kinachogonga risasi. Katika nyingi za bunduki hizo kipini hicho hakina springi. Huteleza huru ndani ya tundu lake. Kikigandishwa na grisi kikiwa kimechomoza mbele, risasi yaweza kulipuka komeo linapojifunga tu, kidole hakijagusa kifyatulio, na nyingine zikafuata. Grisi iliyojaa mtutuni nayo huizibia risasi njia, na nguvu ya baruti ikapanda kupita kiasi. Halafu akasema neno lililonivua nguo: bunduki zingekusanywa jioni ile na kugawiwa upya asubuhi. Ile niliyoing'arisha nje angeishika mwenzangu.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi. Kosa langu halikuwa kumwamini fundi kupita kiasi, bali kutokujua amefanya nini. Grisi ile haikuwa uzembe wake. Aliipaka makusudi, ili kutu isiile bunduki safarini na ghalani, na wajibu wake aliutimiza. Lakini kilichoilinda sandukuni ndicho kingemdhuru mtu uwanjani, na fundi hakuwapo uwanjani. Kuiondoa si kumtilia shaka, ni kuimaliza kazi ambayo yeye asingeweza kuimaliza kutoka huko aliko.

Wapo wawindaji wanaoniambia kwamba bunduki za siku hizi hutoka na mafuta mepesi tu, tena zimekwisha kujaribiwa, hivyo kusafisha ni kupoteza wakati. Huenda mara nyingi wamesema kweli. Ila kutazama ndani ya mtutu, bunduki ikiwa haina risasi, huchukua dakika moja, na anayeokoa dakika hiyo si lazima awe ndiye atakayeumia.

Sisemi haya kama mtu aliyejifunza mara moja akamaliza. Nikiwa mwalimu mkuu niliwapokea walimu wapya kutoka chuoni, wengine wamebeba maneno ya vitabu yaliyowavusha mtihani na ambayo hayakuwa na msaada mbele ya watoto. Nilitazama cheti nikawapa darasa siku hiyo hiyo, bila hata kuwasikiliza wakifundisha kipindi kimoja. Watoto ndio waliolipa, nami niliwalaumu walimu. Nilipohamia kufundisha chuoni, nikawa upande wa wapakaji grisi, na hapo ndipo nilipoielewa lawama ile ilivyokuwa ya dhuluma.

Jioni ile kambini nilisugua kwa mafuta ya taa na maji ya moto mpaka giza likaingia. Asubuhi bunduki ilimwangukia kijana niliyelala naye kitanda cha jirani. Alipiga risasi zake tano, akanigeukia akitabasamu, akasema, "Hii inapiga vizuri, ndugu yangu." Sikumwambia kitu. Mpaka leo sijaamua kama nilipaswa kumwambia.