Twahara ya Nguo Ndani ya Mashine ya Kufulia

Nguo yenye najisi hutwaharishwa na maji, si na jitihada ya mfuaji. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kuondoa najisi hakuhitaji nia. Hapo ndipo kufua kunapotengana na udhu. Anayeosha viungo bila kunuia hana udhu, lakini kanzu yenye najisi iliyosahauliwa kambani, ikanyeshewa mpaka najisi ikaondoka, imetwaharika hata kama mwenyewe yuko safarini. Kwa hiyo wasiwasi kwamba chombo kisicho na akili hakiwezi kutwaharisha hauna msingi. Mashine haina nia, na mvua nayo haina. La kuuliza ni kuhusu maji: yanaingiaje, ni mengi kiasi gani, na yanatoka yakiwa katika hali gani.

Katika mashine za kisasa zenye mlango wa mbele, dramu imelala ubavu. Nguo hutiwa zikiwa kavu, mlango hufungwa, ndipo maji yanapopita kwenye droo ya sabuni na kuingia ndani. Hayajazi dramu. Hukaa chini, na nguo huinuliwa na kuangushwa ndani yake mara nyingi dramu inapozunguka. Ndiyo maana mashine hizi hutumia maji machache, kwa kawaida lita 40 hadi 60 kwa programu nzima, ilhali nyingi za zamani zenye mlango wa juu zilitumia zaidi ya lita 100. Mwenye kulipia maji huufurahia uchache huo. Mwanafikihi, kwa upande wake, huona humo swali.

Kwa Shafi, maji yasiyofika kulateni, kipimo ambacho wanazuoni wengi wa leo hukikadiria kuwa lita 200 na kitu, hunajisika yakikutana na najisi hata kama rangi, ladha na harufu yake hazikubadilika. Dramu ya mashine ya kilo 8 ina ujazo wa lita 60 hivi. Hata ya kilo 12, ikijazwa pomoni, haikaribii kulateni. Basi kununua mashine kubwa zaidi hakuondoi tatizo hili.

Jibu limo katika mpangilio wa kazi. Mafakihi wa Kishafi hutofautisha maji yanayoijia najisi na najisi inayoyaendea maji. Anayetumbukiza nguo yenye najisi katika beseni la maji ameyanajisi maji hayo, na nguo haikutwaharika. Anayeiweka nguo hiyohiyo katika beseni tupu, baada ya kuondoa uchafu unaoonekana, kisha akaimiminia maji yakaienea, ameitwaharisha. Mashine ya mlango wa mbele, kwa umbo lake, hufuata njia ya pili, kwa sababu haiwezi kujazwa maji kabla ya nguo kuingia. Katika mashine ya mapipa mawili, iliyoenea sana majumbani, watu wengi hujaza maji na sabuni kwanza ndipo watumbukize nguo. Kwa jambo hili moja, ile ya mlango wa mbele inaishinda waziwazi.

Si wanazuoni wote walioshika msimamo huu mkali kuhusu maji machache. Kwa Maliki, maji hayanajisiki mpaka sifa yake moja ibadilike. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 naye akiwa Mshafi, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba alitamani madhehebu ya Shafi katika maji yangekuwa kama ya Maliki. Wahanafi nao, katika najisi isiyoonekana, hutaka nguo ioshwe mara tatu na kukamuliwa kila mara. Mashine nyingi za mlango wa mbele huzungusha nguo kwa kasi baina ya suuzo moja na jingine, na mzunguko huo ni ukamuaji. Kwa Washafi, kauli yenye nguvu zaidi, aliyoishika Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj, ni kwamba kukamua si sharti. Kwa hiyo kasi ya mizunguko 1,000 au 1,400 kwa dakika hufaa kwa kukausha, na Mshafi hana haja ya kuihesabu katika twahara.

Kinachopaswa kuhesabiwa ni masuuzo. Maji yaliyobadilishwa sana na sabuni si maji mutlaki, yaani maji halisi, na kwa Shafi hayatwaharishi ingawa yanasafisha. Hatua ya kwanza ya mashine, basi, hung'oa uchafu tu. Twahara huja na maji safi yanayoingia baadaye. Anayelinganisha mashine kwa ajili ya swala atazame kama kuna kitufe cha kuongeza suuzo kabla ya kutazama kilo. Programu za haraka, za dakika 15 au 30, zimekusudiwa nguo chache zenye jasho na vumbi. Hazifai nepi.

Kilo nazo zina hukumu yake. Uwezo unaotangazwa ni wa nguo kavu za pamba. Kwa vitambaa vya nailoni na polista, programu nyingi huruhusu karibu nusu tu. Dramu iliyoshindiliwa huacha mikunjo isiyopata maji, na mahali palipokosa maji pamebaki na najisi. Kuacha nafasi ya kiganja juu ya nguo ni jambo la ufuaji mwema na la dini pia.

Damu, kinyesi na vinginevyo vinavyoonekana viondolewe kwa mkono kabla nguo haijaingia, ama sivyo maji machache ya mashine yatanajisika na kuzienezea nguo zote najisi hiyo. Baada ya kufua, ikibaki rangi peke yake au harufu peke yake, iliyo ngumu kutoka, husamehewa. Zikibaki zote mbili pamoja, nguo hurudiwa.

Najisi nzito ya mbwa na nguruwe ina utaratibu wake: maosho saba, moja likiwa la udongo, na kwa kauli iliyo dhahiri zaidi sabuni haishiki nafasi ya udongo. Hakuna programu ya mashine iliyopangwa hivyo, na mchanga huharibu pampu. Nguo ya namna hiyo hukamilishiwa maosho yake saba kwenye beseni, kisha ndipo itiwe kwenye dramu pamoja na nyingine.