Je, Yule Majeruhi Alipona?

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, ikishaupanda mlima Kitonga, huingia Ilula, mji wa nyanya na vitunguu wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Hapo ipo Hospitali ya Kilutheri ya Ilula, ya Dayosisi ya Iringa ya KKKT. Anayeishi kando ya barabara hiyo, yenye malori mchana na usiku, hahitaji maelezo mengi kumwelewa Msamaria Mwema wa Injili ya Luka: mtu ameumia njiani, mgeni anasimama, anamfunga majeraha, anamfikisha mahali pa kuuguzwa na kulipia.

Luka anataja mafuta na divai. Anataja mnyama aliyembeba majeruhi, nyumba ya wageni, dinari mbili, na ahadi ya kulipa kitakachozidi. Tiba imeandikwa, gharama imeandikwa. Matokeo hayamo. Msomaji haambiwi kama yule mtu alipona au alifia palepale kwa mwenye nyumba.

Mwanateolojia atajibu kwamba swali aliloulizwa Yesu lilihusu jirani ni nani, halikuhusu uponyaji. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo hospitali, hasa ya kanisa, haiwezi kulikwepa swali lililobaki: thamani ya kumuuguza mtu imo katika moyo wa anayeuguza, au katika kile kinachompata mgonjwa baadaye?

Swali hilo limepimwa hapa hapa Tanzania. Utafiti ulioitwa Daraja uliwafuatilia watu wazima 500 wenye VVU waliokuwa wamelazwa katika hospitali 20 za Kanda ya Ziwa. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipewa pia afisa ustawi wa jamii, ambaye kwa miezi mitatu alikutana nao hadi mara tano, akawashika mkono kutoka wodini hadi kliniki ya tiba na matunzo. Gharama ilikuwa kama dola 22 kwa mgonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA. Waliosindikizwa walifika kliniki kwa wingi zaidi na kuanza dawa mapema zaidi. Vifo havikupungua: baada ya mwaka mmoja, asilimia 17.2 ya waliosindikizwa walikuwa wamefariki, na asilimia 16.8 ya wale wengine.

Hapo ndipo penye uzito. Anayesoma safu ya vifo peke yake atasema fedha zile zipelekwe kwingine. Anayepima nia peke yake atasema takwimu hazina nafasi kwenye tendo la huruma. Wote wawili wanamwacha mgonjwa njiani. Mtu aliyetoka wodini akiwa hoi, akampata wa kumuuliza hali na kumweleza dawa, alitendewa haki yake kama binadamu, hata kama alikufa miezi kumi baadaye. Lakini kile kifo nacho kina neno. Wengi walilazwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuvunja kinga ya mwili, na hakuna usindikizaji unaorudisha miaka iliyopotea kabla ya kupimwa. Bila hesabu ile, watu wema wangeendelea kuamini kwamba mlango wa kutokea wodini ndipo pa kuanzia, kumbe huruma ilipaswa kuwafikia wagonjwa mapema zaidi. Kilolo ina sababu ya kulisikia hilo: katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, asilimia 11.1 ya watu wazima mkoani Iringa walikuwa na VVU.

Kuukubali ukweli wa namna hiyo kunataka ujasiri. Daktari Ernest Codman wa Boston alijiuzulu katika hospitali kubwa ya mji huo mwaka 1914 akidai kila mgonjwa afuatiliwe mpaka ijulikane tiba ilimfaa au la. Katika hospitali yake ndogo aliwafuatilia wagonjwa 337, akachapisha makosa 123 bila kuficha. Wenzake walimchukia. Ni vigumu kuona kwa nini kuungama kuwe fadhila kanisani na aibu wodini.

Liko jambo jingine ambalo rejista ya wodi hailioni: aliyekosekana kitandani. Mwaka 2014 jarida la PLoS ONE lilichapisha utafiti uliofanywa Iringa Vijijini, wilaya ambayo Kilolo ilimegwa kutoka humo mwaka 2002. Akina mama walio wengi walikuwa wakijifungulia kwenye kituo cha huduma, sifa kubwa kwa mkoa. Ila wanawake wa kaya maskini zaidi walielekea zahanati, ambako uzazi ni wa nadra na upasuaji haupo, na wenye uwezo ndio waliojaa hospitalini. Hospitali ikipima ubora wake kwa waliolazwa tu, mama wa Idete au Ukwega, huko Kilolo, aliyeshindwa nauli hayumo katika swali lenyewe.

Nauli hiyo haiandikwi popote. Wala chakula cha mwuguzaji, wala siku za palizi anazopoteza akilala nje ya wodi, wala mbuzi aliyeuzwa usiku kwa bei ya shida. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Vyote hivyo vinahusu ankara ya tiba. Dinari mbili za Msamaria zililipia na kulala pia.

Msamaria aliahidi vilevile kurudi. Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao unataka wawepo hadi kwenye vitongoji. Watu hao ndio wanaoweza kufika kijijini Udekwa, huko huko Kilolo, majuma mawili baada ya mgonjwa kuruhusiwa, wakamkuta anakula au hali, dawa zimekwisha au zimebaki, yu hai au amezikwa, na wakalirudisha jibu Ilula liandikwe kwenye faili lake. Kwa sasa mafaili mengi huishia kwenye tarehe ya kuruhusiwa.