Nani Mwenye Tozo ya Korosho?

Kuna jibu moja ambalo huzima mjadala kila Bunge la Bajeti linapokaa Dodoma. Mtu wa Masasi, Newala au Tandahimba akiuliza ilikokwenda ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi, huambiwa kwamba kodi haina mkoa, fedha ni za Watanzania wote, na anayeuliza analeta ukanda. Muulizaji hapo hunyamaza, maana ukanda katika nchi hii ni tuhuma nzito. Mtu yuko radhi aitwe mjinga kuliko kuitwa mbaguzi. Jibu hilo linaniudhi, na maudhi hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Linaniudhi kwa sababu linajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mkulima wa korosho haulizi nani anastahili kufaidi fedha za taifa. Anauliza hivi: Serikali ikichukua fedha kwa kutaja kazi yake, kisha ikaifuta kazi hiyo na kuendelea kuchukua, imefanya jambo gani?

Mambo yenyewe yanajulikana. Korosho ghafi iliyouzwa nje ilitozwa asilimia 15 ya bei yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009, pamoja na marekebisho yake, iliyagawa mapato hayo: asilimia 65 iendeleze zao, yaani pembejeo, utafiti, miche na ubanguaji wa ndani, na asilimia 35 iingie Hazina. Serikali ya Awamu ya Tano iliingia mwishoni mwa 2015 ikiwa na orodha ndefu ya kazi kubwa: reli ya kisasa iliyoanza kujengwa 2017, ndege mpya za ATCL, bwawa la umeme katika mto Rufiji. Juni 2018, kupitia Sheria ya Fedha, mgawo ule ukafutwa na ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walipinga kwa sauti moja, jambo lisilo la kawaida. Walikuwemo Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, na Nape Nnauye wa Mtama, na walidai pia zaidi ya shilingi bilioni 200 walizosema zilikuwa hazijarudishwa. Kura zikapigwa, sheria ikapita. Kiwango cha ushuru hakikuguswa.

Hapo kwenye kiwango ndipo penye hoja yangu. Tofauti ya kodi na tozo imo katika kila kitabu cha uchumi na sina haja ya kuipitia. Itoshe kwamba kodi hulipia shughuli zote za dola na tozo ina kazi yake iliyotajwa. Ila vitabu husahau kusema kwamba kazi iliyotajwa ndiyo inayokihalalisha kiwango. Asilimia 15 ni makato makubwa kwa zao la mtu mwenye ekari chache, na yalivumilika kwa kuwa sehemu kubwa ilisemwa itarudi shambani. Ukiondoa marejeo hayo, kiwango kinabaki hakina sababu: ama kishushwe, ama walipaji waambiwe upya kwa nini wao, na si wakulima wa mazao mengine, wakatwe kiasi hicho kuendesha nchi. Hakuna lililofanyika kati ya hayo mawili. Kijijini watu wakichangishwa sanda, kisha kamati ikapeleka fedha kwenye ukuta wa msikiti, hakuna atakayebisha kwamba ukuta ni jambo jema. Watauliza kwa nini walichangishwa kwa jina la maiti. Najua ushuru haulipwi kwa hiari kama mchango. Lakini hilo linazidi kuipa hoja yangu nguvu, kwa sababu anayelipa kwa lazima hana uwezo wa kukataa. Kitu pekee alicho nacho mkononi ni lile tamko la fedha itafanya nini.

Na kazi iliyotajwa haikuwa pambo. Mkorosho una adui anayeitwa ubwiriunga, ukungu mweupe unaokamata maua na vichipukizi asubuhi za baridi za katikati ya mwaka. Zao lililofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74 lilishuka hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimewahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei zilikuwa mbovu, na ubwiriunga ukamalizia. Lililolifufua zao ni salfa pamoja na kazi ya watafiti wa Naliendele, pale Mtwara, waliofundisha wakati na namna ya kuipuliza. Sasa tazama kalenda. Ushuru hukusanywa korosho zinaposafirishwa, kuanzia Oktoba hivi mpaka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Salfa inatakiwa iwe kijijini kabla ya maua, yaani ifikapo Mei au Juni. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai mosi. Fedha iliyofungwa kwa ajili ya zao inaweza kufuata ua. Fedha iliyopita Mfuko Mkuu inafuata Hazina, na Hazina ina foleni yake ya mishahara, madeni na wakandarasi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, rekodi wakati ule. Msimu uliofuata zikawa kama 225,000. Kuibebesha sheria moja anguko lote hilo si haki, maana hali ya hewa nayo ina neno lake. Lakini anayesema kwamba fedha ni fedha, ipitie popote, hajawahi kusubiri mfuko wa salfa huku maua yakigeuka meusi.

Zipo pingamizi zenye haki yake. Mfuko wa kuendeleza zao ulilalamikiwa kwa matumizi yake, wakulima wenyewe wakiwa miongoni mwa walalamikaji, na dawa ya hilo ni mkaguzi. Tozo zikizidi kufungwa kwa kazi maalumu, bajeti hukosa pa kugeukia siku ya dharura, ni kweli. Wengine husema anayelipa ni mnunuzi wa India au Vietnam na si mkulima, ila mnunuzi huyo huandika bei kwenye zabuni akiwa ameshautoa ushuru kichwani: kwa korosho ya dola 1,500 kwa tani, asilimia 15 ni dola 225, yaani karibu shilingi 500 kwa kilo kwa thamani ya shilingi ya mwaka 2018.

Narudi kwenye lile la ukanda, kwa sababu ndilo linalotumika kufunga midomo. Husemwa kwamba dhahabu ya Geita hairudi Geita na kahawa ya Kagera hujenga nchi nzima, iweje korosho pekee idai kurudishiwa? Ulinganisho huu unapendeza sikioni tu. Mrabaha wa dhahabu haukuwahi kutungiwa sheria inayosema asilimia 65 yake itarudi kuchimba dhahabu. Pasipo ahadi hapana ahadi iliyovunjwa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, ilinganishe tozo ya korosho na tozo ya mafuta inayokwenda Mfuko wa Barabara, au makato yanayopelekwa umeme wa vijijini kupitia REA, au ile tozo ya maendeleo ya reli inayotozwa bidhaa zinazoingia nchini. Hizo zote ni fedha za watu fulani zilizofungwa kwa kazi fulani, na zote hukusanywa na Serikali hiyo hiyo moja. Hakuna aliyemwambia mwenye lori kwamba kudai mashimo ya barabarani yazibwe ni kukosa uzalendo. Inaonekana kufunga fedha kwa kazi ni utaalamu pale wanaofaidi wametapakaa, na ni ubinafsi pale wanaofaidi wana lafudhi inayotambulika.

Tena madai yenyewe si ya mkoa. Mikorosho iko Lindi, iko Tunduru, iko Mkuranga na Kibiti, iko Tanga. Mkulima wa Mkuranga, anayeziona taa za Dar es Salaam usiku, alipoteza kile kile alichopoteza mkulima wa Newala. Kwa upande mwingine, mtu wa Nanganga anayelima ufuta na mbaazi bila mkorosho hata mmoja hakuwa na senti yake ndani ya tozo ile, ingawa anaishi katikati ya ukanda huo unaolaumiwa. Dai linalomwacha nje jirani na kumwingiza mtu wa mbali haliwezi kuwa la kikanda. Ni dai la walipaji. Walioliita dai hilo ukanda walilitoa neno hilo kabatini lilikohifadhiwa tangu 2013, Mtwara ilipowaka kwa sababu ya bomba la gesi lililokuwa likijengwa kwenda Dar es Salaam. Mwaka ule pia watu waliuliza masharti ni yapi, wakajibiwa kwa hotuba juu ya umoja wa taifa, na baada ya hotuba wakaja wanajeshi. Sitetei nyumba zilizochomwa moto. Ninasema swali la masharti lilikuwepo kabla ya moto, na halijajibiwa hadi leo.

Umoja wa taifa ni hoja nzito na naiheshimu. Kinachonikera ni kwamba hutumika upande mmoja. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo hakuna atakayelishitaki kwa ukanda, lilionya waziwazi kwamba mikopo inayojenga miji hulipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao ya mashambani, na kwamba tusipoangalia wakazi wa mijini watageuka wanyonyaji wa wakulima. Onyo hilo halikuwa la kuwagawa Watanzania. Lilikuwa linauliza, ndani ya taifa moja, nani anabeba na nani anabebwa.

Historia ya kusini ina mfano ambao siachi kuufikiria kila mjadala huu unapoanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta mpango wa karanga, na kwa upande huu kituo chake kikawa Nachingwea. Kwa ajili yake walijenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuingia bara, ambayo tawi lake lilifika Masasi. Karanga zilishindwa, mpango ukavunjwa 1951, na mlipakodi wa Uingereza akabaki na hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Reli ilibaki. Mwaka 1962, Uhuru ukiwa mchanga, ikafungwa kwa sababu haijilipi, na vyuma vikang'olewa. Wakati huo huo mikorosho ilikuwa ikitapakaa uwandani kwa kasi. Anayeangalia mzigo uliokuja baadaye hujiuliza reli ile ingebeba nini kama ingesubiriwa miaka kumi. Lakini tuache hilo. Angalia kanuni ya hesabu iliyoiua: kila kipande cha njia kijilipe chenyewe, kusini isibebwe na wengine. Kanuni ya 2018 ni kinyume chake kabisa: fedha yote ni moja, hakuna kipande kinachojitegemea. Kila moja inaweza kutetewa ikiwa peke yake. Kutumia ya kwanza wakati wa kutoa huduma na ya pili wakati wa kukusanya, hapo ndipo mtu anaanza kushuku kwamba kanuni inachaguliwa baada ya uamuzi. Tangu vyuma ving'olewe, korosho ya kusini hushuka kwa malori. Lami imetoka Nanganga hadi Ruangwa, na hilo ni jema. Ila barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, inayopita katikati ya mikorosho yenyewe, ilipata kilomita 50 za mwanzo hadi Mnivata, na zilizobaki zikasubiri mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Kuna jambo linaloitatiza hoja yangu. Mwishoni mwa 2018, miezi michache baada ya mgawo kufutwa, bei minadani zilianguka na wakulima wakagoma kuuza. Serikali ile ile ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikapeleka malori ya Jeshi kusomba, na kuanza uhakiki wa kuwanasa watu wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi. Wengine walingoja malipo miezi na miezi, lakini bei iliyotangazwa ilikuwa juu ya ile ya mnada. Kisha, chini ya Awamu ya Sita, sehemu ya ushuru ikarudishwa kwenye kilimo, salfa ikaanza kugawiwa bure, na msimu wa 2024/25 mavuno yakapita tani laki tano. Mifuko hiyo hupokelewa kwa mkutano na shukrani, kama msaada. Kilichokuwa haki kwa kifungu cha sheria kimerudi kikiwa na sura ya hisani, na hisani haina limbikizo: huwezi kumdai mfadhili mfuko wa mwaka jana. Mtu anayeshukuru kwa makato yake mwenyewe amepunguziwa kitu, hata kama ghala la chama chake cha ushirika (AMCOS) limejaa.

Hivyo ndivyo ningependa kuhitimisha, ila ushahidi unanikatalia. Katika miaka ya mwisho ya ile asilimia 65, haki iliandikwa na fedha haikuja; katika miaka ya hisani, salfa imekuja. Mkulima wa Newala anayechagua la pili si mtumwa wa mawazo. Ameihesabu mikorosho yake. Waswahili husema ahadi ni deni, lakini deni linahitaji mdaiwa anayebaki yule yule, na Serikali hubadilika, Bunge hubadilika, wakati mkorosho mmoja huzaa kupita awamu nne au tano. Serikali ijayo ikiamua mifuko isije, hakutakuwa na kifungu kinachoitaja mifuko hiyo cha kumwonyesha mtu. Mwaka 2018 kifungu kilikuwepo, na hakikumzuia mtu.