Nani Ale Mnofu?

Jumamosi jioni, katika bucha za hapa Mvumi, huulizwa swali fupi: steki au mchanganyiko? Anayeuliza ameshika kisu. Anayejibu ni mzazi aliyepata fedha za nusu kilo, pengine kilo nzima, ya chakula cha Jumapili. Kwa kawaida jibu hutoka mfukoni. Sisi tunaona ni swali la imani pia, kwa sababu ndani yake limo swali la pili lisilosemwa mbele ya mizani: nyama hii ikishaiva, mnofu atakula nani, na mfupa atapewa nani?

Steki ni nyama tupu, na bei yake iko juu. Mchanganyiko una mnofu kidogo, ubavu, mfupa na mafuta, na kwa fedha ileile unapata uzito zaidi. Chini yake kuna utumbo, kichwa na kongoro. Ng'ombe wetu wa Dodoma ametembea sana kutafuta majani na maji, na mara nyingi huchinjwa akiwa amekwisha kukomaa, kwa hiyo hata paja lake lahitaji subira jikoni. Mfupa na kongoro hutoa supu nzito inayoweza kulainisha ugali wa watu wengi, lakini vinataka moto wa muda mrefu. Na moto katika nchi hii kavu si kitu cha bure. Kuni hutafutwa mbali na kubebwa kichwani, na wanaozibeba kwa kawaida ni mama na binti zake. Baba akirudi na kongoro akisema ameokoa fedha, amesema kweli kuhusu fedha zake. Saa za mama kuzifuata kuni hazikuandikwa kwenye kibao cha bei. Hatusemi kongoro lisinunuliwe. Tunasema hesabu ya nyama iwe na watu wote ndani yake, tangu anayelipa hadi anayepuliza moto.

Wazee wa Kigogo hawakununua nyama kwa kilo. Ng'ombe alichinjwa mzima, kwa harusi, kwa msiba, kwa jambo kubwa la ukoo, na sehemu zake zilikuwa na wenyewe: wazee, wajomba, wakwe, akina mama. Kugawa nyama kulikuwa kusema nani ni ndugu wa nani. Mtaalamu Peter Rigby, aliyechapisha kitabu juu ya Wagogo mwaka 1969, alikiita kwa mambo hayo mawili pamoja, ng'ombe na undugu, na sisi wenyeji hatuoni ajabu. Huwezi kueleza kimoja ukaacha kingine.

Lakini mifugo hiyo ilipita katika mikono mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi katika nchi hii, na mvua ilipokosekana ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Miaka mingi baadaye ardhi yenyewe ilichoka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973; mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko, na katikati ya miaka ya 1980 zamu ikafika kwetu Mvumi. Majani yalirudi na makorongo yakaanza kutulia. Hilo ni jema, na aliyeona mashimo ya zamani hatabisha. Ila ng'ombe wa kufungiwa bandani hachinjwi ovyo, na nyumba nyingi zikazoea kuingoja nyama ya bucha.

Hapo ndipo shida yetu inapoanza. Mila ilijua kumgawa ng'ombe mzima. Haikuwahi kuambiwa ifanye nini na nusu kilo. Nusu kilo haina fungu la mjomba wala la mkwe. Ina finyango kumi na mbili au kumi na tano zinazoelea kwenye mchuzi, na watu tisa wanaozitazama. Mila iliyokuwa pana ikabaki na kipande chake kimoja tu: mkubwa na mgeni wapewe kilicho bora. Yale mafungu mengine yaliyowalinda wadogo na wa mbali yamepotea kimyakimya.

Kuku huonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Pengine amenunuliwa nje ya kanisa, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada. Ana mapaja mawili, kidari kimoja, firigisi moja. Firigisi ni ya baba, kila mtoto anajua hata kabla ya kujua kusoma. Mapaja ni ya mgeni, au ya baba na mwanawe mkubwa. Watoto wagombanie vipapatio, shingo na miguu. Mama hupata mgongo, na mara nyingine husema ameshiba kwa kuonja. Tungependa kujua ni nani aliyewahi kushiba kwa kuonja.

Je, basi, fungu la heshima ni dhambi? Maandiko hayasemi hivyo. Katika Walawi 7 kidari na paja la kulia vimetengwa kwa ajili ya makuhani. Kumbukumbu la Torati 18 inataja mkono, mashavu mawili na tumbo. Mungu mwenyewe ameamuru kwamba baadhi ya watu wapewe kipande kinachojulikana. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kumheshimu mkubwa kwa chakula ni ushamba wa kale unaopaswa kufutwa.

Twende lakini Shilo, katika 1 Samweli 2, tuwaone Hofni na Finehasi. Watu walipokuwa wakichemsha nyama ya dhabihu, mtumishi wa kuhani alikuja na uma wa meno matatu, akauchoma ndani ya chungu, na kila kilichopanda na uma kikawa cha kuhani. Kisha wakazidisha. Wakaitaka nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana, kwa sababu walitaka ya kuoka na hawakutaka ya kuchemsha. Mtu akiomba wangoje kidogo, aliambiwa itachukuliwa kwa nguvu.

Tuangalie kosa lao vizuri. Vijana wale walikuwa na haki ya kula. Fungu lao lilikuwa limeandikwa. Hawakuwa na njaa pia, maana ukali wa maneno yanayomwambia Eli baadaye ni juu ya kujinenepesha. Kosa ni kwamba mwenye kula amejifanya mwenye kuchagua. Uma ukaingia chunguni kabla ya Mungu, kabla ya mwenye dhabihu, kabla ya watoto wake. Heshima waliyopaswa kupokea waliigeuza kuwa kitu cha kunyakua, na watu wakaanza kuichukia sadaka yenyewe. Hilo ndilo linalotutisha sisi wa nyumba za Kikristo. Mtoto anayeona kila Jumapili kwamba mkono wenye nguvu ndio unaotangulia chunguni, atajifunza nini juu ya Baba wa mbinguni tunayemshukuru kabla ya kula?

Sura chache mbele, katika 1 Samweli 9, kuna meza nyingine. Samweli amemwagiza mpishi aweke akiba paja moja. Walioalikwa ni watu kama thelathini. Anayepewa paja ni Sauli, kijana aliyetoka kutafuta punda waliopotea, aliyesema mwenyewe kwamba anatoka katika kabila dogo kabisa. Hakuliomba. Hakujua hata kwamba limewekwa. Hilo ni fungu la heshima bila doa lolote, kwa sababu aliyelila hakulichagua.

Basi tofauti ya Shilo na meza ya Samweli haiko kwenye ukubwa wa kipande. Na wazee wetu, hata wale ambao hawakuwahi kufungua Biblia, walilijua hili kwa njia yao. Babu alipewa bakuli la kwanza, lakini hakulimaliza. Mjukuu aliyekaa karibu na mlango alijua kwamba ataitwa. Finyango mbili zingebaki, na zilibaki kwa makusudi. Heshima ilipanda kwa babu, kisha ikashuka. Ndivyo ilivyo hata katika Hesabu 18, ambapo sehemu ya Haruni inaliwa pamoja na wana na binti zake. Mwenye kupokea amepokea ili awe mgawaji. Baba wa leo anayekula firigisi na paja mpaka mfupa, kisha akasema hiyo ndiyo mila, ameshika nusu ya mila, tena ile nusu tamu.

Wako wanaosema dawa ni rahisi: kila mtu apewe sawa, finyango moja moja, mjadala uishe. Tunaiheshimu nia hiyo, lakini hatudhani inatosha. Kutoka 12, inapoagiza juu ya mwana-kondoo wa Pasaka, inataka watu wahesabiwe kwa kadiri ya ulaji wa kila mmoja, na nyumba iliyo ndogo ishirikiane na jirani. Bibi asiye na meno ukimpa ubavu sawa na wa kijana umemnyima. Mama mjamzito anayeambiwa kliniki kwamba damu imepungua anahitaji nyama nyekundu kuliko kijana wa miaka ishirini mwenye afya, na mtoto aliyeachishwa ziwa juzi anahitaji mnofu uliokatwakatwa kuliko wote, kwani mfupa kwake ni kitu cha kuchezea tu. Hata hivyo ndiye anayepewa mchuzi mtupu, kwa kuwa hawezi kudai. Elkana naye alimpa Hana fungu la pekee kwa upendo, na Hana akalia asile. Yako mambo ambayo nyama haiyaponyi. Lakini hilo lisiwe kisingizio cha kumnyima anayeponywa nayo.

Kuhusu mgeni, tunayo methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huitaja, wachache huisikiliza. Inasema nyumba ipone kwa sababu mgeni amekuja; chungu kilichokuwa na mlenda siku zote leo kina kuku, na watoto wafurahi. Watoto wakiishia kunusa mvuke na kutumwa nje kucheza mpaka mgeni amalize, methali haijatimia. Tumewaona watumishi wa Mungu wanaolijua hili. Huletewa sahani yenye mapaja yote mawili, wakashukuru, wakala moja, kisha wakamwita mtoto wa nyumba kwa jina lake na kumkabidhi la pili mbele ya baba yake. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na hotuba haikuhitajika.

Liko fungu moja zaidi ambalo hatuwezi kulipita kwa adabu, la dada wa kazi. Yeye ndiye aliyeosha nyama, akapuliza moto, akalinda sufuria wakati wengine wako ibadani. Kisha hula jikoni, kilichobaki, baada ya wote. Yakobo 2 inakemea kanisa linalomweka tajiri mahali pazuri na kumwambia maskini asimame kule. Paulo, katika 1 Wakorintho 11, anawashangaa watu wanaokutana kwa meza ya Bwana, mmoja ana njaa na mwingine amelewa, naye anawaambia wangojane. Kama neno hilo lilifaa Korintho, halifai kuishia kwenye mlango wa jikoni. Wapo watakaosema binti atazoea vibaya. Atazoea kula nyama aliyoipika; hatuoni ubaya ulipo.

Na jirani je? Katika Nehemia 8 watu walikuwa wakilia, wakaambiwa siku ni takatifu, wale vilivyonona, na wawapelekee mafungu wale wasioandaliwa kitu. Yaani sahani inayotoka nje ya ua ni sehemu ya sikukuu yenyewe. Mjane wa nyumba ya tatu akisikia harufu ya kitunguu na nyama kutoka kwetu kila Jumapili, na bakuli lisimfikie hata mara moja kwa mwezi, sikukuu yetu imepungukiwa.

Linabaki jambo moja ambalo hata sisi tulioandika haya tumelijadili bila kukubaliana. Nyama imeshagawanywa vizuri, kila mtu na chake, bibi na wa kwake laini, mtoto na wake mdogo. Ghafla hodi inabishwa. Mgeni ameingia, na haifai aketi bila kula. Sahani ya nani irudishwe jikoni ipunguzwe? Wengine kati yetu walisema ya baba, kwa kuwa mgeni ni wake. Wengine walisema kila mtu atoe kidogo. Mama mmoja wa umoja wa akina mama alitusikiliza mpaka mwisho, akasema tunapoteza muda, kwani nyumbani kwake swali hilo halijawahi kuulizwa: mgeni akiingia, yeye hutoka na sahani yake mwenyewe kabla mtu yeyote hajageuka.